Ile sanda ya Naples ni jiwe, jamani

Ile video imenifikia tena, safari hii kutoka kwa mtu ninayemheshimu: eti prinsi mmoja wa Naples, Italia, aligeuza kitambaa kinachoifunika sanamu ya Kristo kikanisani mwake kuwa marumaru kwa dawa zake. Nimechoka. Riziki yangu ni kuchonga marumaru, na kila nikitaja Kikanisa cha Sansevero naulizwa habari za uchawi kabla ya habari za patasi.

Kikanisa ni cha ukoo wa di Sangro, waliojizika humo tangu enzi za mababu. Prinsi mwenyewe, Raimondo di Sangro (1710–1771), ndiye aliyekijaza sanamu tunazoziona leo. Alipenda majaribio ya kemia, basi watu wa mjini wakamzulia kila kitu. Eti aliua watumishi akaigeuza mishipa yao kuwa chuma! Vile viunzi viwili vya binadamu vilivyowekwa chini ya kikanisa, vinavyodaiwa kuwa watumishi hao, vimeshachunguzwa: mifupa ni ya kweli, mishipa ni waya, nta ya nyuki na hariri. Yaishe hayo.

Sasa sanda. Giuseppe Sanmartino alimaliza Kristo wake mwaka 1753: maiti ya ukubwa wa mtu, kichwa juu ya mito miwili, kafunikwa sanda inayoacha hata mshipa wa paji la uso uonekane. Hati ya benki ya malipo ya Desemba 16, 1752, ya dukati 50 (sarafu ya enzi hizo), inasema wazi kuwa sanamu itafunikwa utaji, nao wa marumaru. Prinsi mwenyewe ndiye aliyeagiza malipo hayo. Mtu aficheje siri yake benki?

Haya, tuseme hati haipo. Chovya kitambaa kwenye maji ya chokaa, kianike. Kweli kitakuwa kigumu, lakini utakachopata ni gamba la unga. Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyopikwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi mpaka yakawa fuwele zilizoshikana. Mwanga huzama kidogo ndani kabla ya kurudi. Gamba halina tabia hiyo, na lazima lingeacha mshono pale linapokutana na mwili.

Wanaonikera zaidi, lakini, ni wajuaji wanaokubali kwamba ni jiwe kisha wakadhani Sanmartino alichonga uso kamili, halafu juu yake akaacha utando mwembamba. Uso haupo! Chini ya sanda ni jiwe tupu. Kuna umbo moja tu la nje, basi, na humo mchongaji anachanganya vitu viwili. Sanda inapogusa ngozi, kwenye ncha ya pua, kwenye goti, unachonga ngozi na kuilainisha. Inapoachana na ngozi unainua mkunjo wenye ukingo mwembamba, ukaupitisha juu ya shavu bila kulivunja umbo la shavu. Jicho la mtazamaji ndilo linaloshona mkunjo na mkunjo na kuona kitambaa kizima. Ukikosea kimo cha mkunjo mmoja, maiti inaonekana ina makovu. Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo watu hawaangalii.

Vitabu vingi humpa Sanmartino sifa zote. Mimi nasita. Antonio Corradini, aliyefariki Naples mwaka 1752, aliacha mfano wa udongo wa Kristo huyuhuyu aliyefunikwa, na alikuwa amechonga wanawake wenye utaji miaka mingi kabla ya hapo. Mtazame yule aliyemchonga humo kikanisani kwa kumbukumbu ya mama yake Raimondo, aliyefariki mwanawe hajatimiza mwaka: utaji umemganda mwilini kana kwamba umelowa maji, na kando yake bamba la jiwe lililovunjika. Mkono uliochonga Kristo ni wa Sanmartino, sibishi. Wazo ni la nani, kila nikitazama nabadili jibu.

Ajabu ni kwamba hakuna anayenitumia video ya wavu wa mchongaji Francesco Queirolo, humohumo kikanisani, kwenye kumbukumbu ya baba yake Raimondo. Mwanamume anajinasua kwenye wavu wa marumaru, na matundu yake ni matundu kweli, yametobolewa, nyuma yake pana nafasi. Inasemekana wasugua mawe waliogopa kuugusa usije ukawavunjikia mikononi, ikabidi Queirolo ausugue mwenyewe. Nawaamini. Sanda ningethubutu kuijaribu. Wavu ule, mtafuteni mwingine.