777 haifungui lango

Jumatatu, chai yangu haijapoa, kijana wa mwaka wa mwisho kasimama mlangoni, kompyuta imefunguliwa mkononi kama sinia. "Shefu, ku mashini yangu iko natumika muzuri. Ku seva inakatala. Nilisha kutia 777 fasi yote. Unipe tu root, ni dakika tano."

Mimi ndiye msimamizi wa seva za taasisi, na 777 anayoitaja ni ruhusa ya wazi kabisa: yeyote asome, aandike, aendeshe. Huyo ni wa nne tangu muhula uanze. Hizo dakika tano zao nikizijumlisha, nimekwisha kupoteza mwezi.

Root, akaunti yenye mamlaka yote, sitoi, na hilo nalimaliza haraka. Seva ya taasisi ina programu za watu wengine: maktaba, usajili, mfumo wa alama. Root haibagui ya kwako na ya mwenzako. Kosa dogo kwenye amri moja, na mimi ndiye nitakayepigiwa simu Jumapili nikiwa mbele ya sahani ya bukari. Lakini hata ningekupa, kijana, ungebaki palepale, maana hujajiuliza ni nani anayekataliwa.

Nilimwambia anionyeshe. Ukurasa ulikuwa unatokea, ila uchi: maandishi meusi juu ya weupe, viungo vya bluu, hakuna rangi wala picha. Nikafungua logi, yaani daftari la matukio, ya Nginx, programu ya seva ya wavuti:

`open() "/home/kijana/mradi/static/style.css" failed (13: Permission denied)`

"Unaona?" akasema. "Permission! Na miye nilitia 777."

Hapo ndipo damu yangu huanza kuchemka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwenye kompyuta yako wewe ndiye mwenye nyumba, mpishi na mgeni. Faili ni zako, programu umeiwasha wewe, anayeitazama kwenye kivinjari ni wewe. Kwenye seva hao ni watu watatu. Faili ni za akaunti yako. Programu inaendeshwa na systemd, msimamizi wa huduma za seva, kwa akaunti iliyopangiwa. Nginx, anayepokea wageni kutoka nje, anaishi kwa jina lake mwenyewe, www-data kwenye Ubuntu. Ukurasa wenyewe unatoka kwenye programu yako kupitia soketi, njia ya programu mbili kuzungumza, kwa hiyo unafika. CSS (faili za rangi na mpangilio) na picha Nginx anazisoma moja kwa moja kwenye diski, kwa jina la www-data. Ndiyo maana nusu inaonekana na nusu haionekani. Aliyegongwa mlango usoni ni www-data, wewe hukuguswa.

Sasa chukua parseli ya kawaida hapa Lubumbashi, iwe Katuba au Kampemba: ukuta, lango la chuma, nyumba ndani. Umefungua milango yote ya nyumba, madirisha yote, hata stoo. Lango la barabarani umelifunga kwa kufuli. Mgeni amesimama nje anapiga hodi, nawe unaendelea kufungua makabati ya jikoni. Hiyo ndiyo 777 kwenye folda ya mradi.

Amri ninayotaka uijue kabla ya chmod, ile ya kubadilisha ruhusa, ni hii: `namei -l`. Ukiipa njia nzima ya faili, inakuonyesha ruhusa za kila folda njiani. Yake ilitoa hivi:

```
drwxr-xr-x root   root   /
drwxr-xr-x root   root   home
drwxr-x--- kijana kijana kijana
drwxrwxrwx kijana kijana mradi
```

Tazama mstari wa tatu. Herufi zimekaa kwa mafungu matatu: mwenyewe, kikundi, wengine; r ni kusoma, w ni kuandika. Kwenye faili, x ni ruhusa ya kuiendesha. Kwenye folda, x ni ruhusa ya kupita. Huwezi kuingia mradi kama hukupita kijana, na pale www-data hana kitu: si mwenyewe, si wa kikundi, na wengine wamewekewa vistari vitatu. Ubuntu ilianza kuzifunga folda za nyumbani hivyo, 750 (yote kwa mwenyewe, kusoma na kupita kwa kikundi, sifuri kwa wengine), tangu toleo la 21.04. Kabla ya hapo zilikuwa 755, lango wazi, na mafunzo mengi mnayoyafuata yalirekodiwa enzi hizo. Kwa hiyo yule wa kwenye video hakudanganya. Amezeeka tu.

Mwaka jana mwingine aligundua lango mwenyewe. Nilifurahi kwa kama saa moja. Alipiga `chmod -R 777` kuanzia folda yake ya nyumbani kwenda chini, tovuti ikawaka rangi zote, akaondoka anaimba. Kesho yake hakuweza kuingia: `Permission denied (publickey)`. Ufunguo uleule, kompyuta ileile. SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, huwa inakagua: ikiona folda ya nyumbani, au .ssh, inaweza kuandikwa na yeyote, inakataa kuuamini ufunguo uliomo, maana jirani angeweza kuweka wake. Logi ya upande wangu ilisema wazi, `bad ownership or modes`, ila yeye haioni. Na usiku ule mzima, faili yenye neno la siri la hifadhidata yake ilikuwa wazi kwa kila mwenye akaunti kwenye seva ile. Kusomwa na kuandikwa.

Dawa yenyewe ni fupi hadi inachosha. Mradi unatoka /home unakwenda /srv. Mwenye faili ni wewe, kikundi ni www-data. Folda 750, faili 640 (mwenyewe anasoma na kuandika, kikundi kinasoma tu). Folda ya picha zinazopakiwa inakuwa 2750, ile 2 ya mbele ikifanya kila faili jipya lirithi kikundi. Kubadilisha kikundi ni kazi yangu, dakika moja, na hiyo nakufanyia bila kinyongo.

Vitabu husema pia kwamba akaunti inayoendesha programu isiwe ndiyo yenye kumiliki msimbo, ili mvamizi akiingia kwenye programu asiweze kuiandika upya. Ni kweli. Mimi kwa miradi midogo sifanyi hivyo. Nilijaribu, wanafunzi wakashindwa kusasisha kazi zao wenyewe, nikawa mimi ndiye ninayenakili faili kila jioni. Nikarudi nyuma. Sina hakika kama nilirudi kwa busara au kwa uchovu.

Na kuna moja iliniaibisha. Programu ya zamani ya Django, zana ya Python ya kutengenezea tovuti: picha ndogo zinafunguka, kubwa zinakataa. Nililaumu diski, nikalaumu mtandao. Kumbe Django inashika kwenye kumbukumbu faili lisilozidi megabaiti 2.5, likizidi inaliandika kwanza kama faili la muda, na kabla ya toleo la 3.0 faili hilo lilibaki na 600, la mwenyewe peke yake. Nginx akitaka kulisoma, hapana. Siku mbili zangu zilikwenda hapo.

Seva yetu ya pili ni AlmaLinux, Linux ya aina nyingine, na huko kuna SELinux, mlinzi wa pili juu ya ruhusa za kawaida, ambaye haitazami 777 yako hata kidogo. Ruhusa zote zimekaa sawa, na bado Nginx akijaribu kuifikia programu kwenye poti yake unapata kosa la 502. Mara nyingi ni swichi moja tu, `httpd_can_network_connect`, ambayo huja imezimwa. Usiniambie niizime SELinux yote. Niliwahi kuizima mwenyewe "kwa muda", na muda huo ulidumu hadi siku seva ilipowashwa upya, ikarudi yenyewe, tovuti tatu zikaanguka pamoja.

Mengine kwa mbio. Poti 80, mlango wa kawaida wa tovuti, hupewi na huihitaji, Nginx yuko pale. `runserver`, seva ya majaribio ya Django, ukiiwasha kwa mkono na kufunga kompyuta, usishangae tovuti ikifa nawe. Hata wenye Django wanasema haikutengenezwa kwa kazi hiyo. pip, kisakinishi cha Python, ikikataa kusakinisha, tengeneza mazingira yako pembeni. Ile bendera ya `--break-system-packages` imeshakuambia inachovunja. Picha.JPG na picha.jpg ni faili mbili. Na majira ya saa ni `Africa/Lubumbashi`, si `Africa/Kinshasa`: wako nyuma yetu kwa saa moja, na fomu yako itaendelea kupokea watu saa nzima baada ya muda kwisha.

Yule kijana wa Jumatatu tulimaliza kabla ya saa nne. Alipoona rangi zimetokea akaniuliza, "Njo vile tu?" Ndivyo tu. Ofisi iko wazi hadi saa tisa. Anayekuja kesho alete matokeo ya `namei -l` na mstari wa mwisho wa logi, na kama ameshagusa -R, aniambie kabla hajakaa.