Kifungashio kinachorejelezeka ni kipi?

Ni kifungashio ambacho mbunifu, tangu anakichora, ameshafikiria kitakavyochambuliwa, kuoshwa na kuyeyushwa kikishatumika. Alama ya mishale mitatu haithibitishi hilo. Namba iliyo ndani yake hutaja aina ya plastiki tu: 1 ni PET ya chupa za maji, 3 ni PVC, 5 ni PP.

Chukua chupa ya maji iliyookotwa kando ya Mto Mirongo jijini Mwanza kabla haijaingia Ziwa Victoria. Mwili wake ni PET, kizibo ni HDPE au PP. Ni plastiki tofauti, lakini hazisumbuani: zikisagwa na kutiwa kwenye tangi la maji, chenga za PET huzama, za kizibo huelea, na kila moja huchukua njia yake. Lebo nayo ikishikwa na gundi inayoachia wakati wa kuosha, kazi inakuwa nyepesi.

Ivalishe sasa chupa hiyohiyo lebo ya PVC iliyoibana mwili mzima. PVC huzama pamoja na PET. PET huyeyushwa kwenye nyuzijoto zaidi ya 250, na kwa joto hilo PVC huungua na kutoa asidi. Vipande vichache vinatosha kuharibu mzigo mkubwa: plastiki inageuka njano na kupoteza nguvu. Mwokota makopo aliyeinama juani akajaza kiroba hana la kufanya hapo.

Rangi pia ina uzito. PET angavu hupokea matumizi mengi, ya kijani hubaki na ukijani wake. Ndiyo maana mwaka 2022 Sprite ilianza kuacha chupa za kijani Amerika Kaskazini.

Pakiti ndogo za sabuni ya unga na vitafunwa ndizo ngumu zaidi. Zina tabaka za plastiki mbalimbali, pengine na alumini, zilizogandishwa pamoja, wala hakuna tangi la kuzitenganisha. Tabaka hizo zina sababu, maana huzuia hewa na unyevu. Lakini anayefunga dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, wa kuliwa baada ya siku chache hahitaji ulinzi wote huo. Pakiti ya plastiki ya aina moja tu, kama PE (polithini), inamtosha. Mitaro ikiziba, lawama humwangukia aliyetupa peke yake. Kwa maoni yangu, aliyechagua tabaka zisizotenganishika naye anadaiwa, kwa hiyo mjasiriamali anayeagiza vifungashio aulize kabla ya kulipa: ni plastiki gani, na ni tabaka ngapi?