Je, wajua? Kwa nini matawi ya wanajeshi wa zamani Marekani hayapewi jina la mtu aliye hai

Katika miji mingi midogo ya Marekani kuna jengo la kawaida tu, bendera mlingotini na pengine mzinga mkuukuu uani. Bango lake linasomeka American Legion, kisha jina la mtu, kisha namba. Mgeni hudhani jina hilo ni la mwanzilishi, au tajiri aliyetoa kiwanja, au jenerali fulani. Kwa kawaida sivyo. Katiba ya chama hicho cha wanajeshi wa zamani inakataza tawi kupewa jina la mtu aliye hai. Wenye majina hayo mara nyingi ni vijana wa palepale waliokwenda vitani wasirudi, na wengi wao hawakuwa na cheo cha kutajika.

Namba nayo hupotosha. Kila jimbo huhesabu matawi yake lenyewe, kwa hiyo tawi namba 1 si moja Marekani nzima.

Chama kilianzia Paris mnamo Machi 1919, wakati askari wengi wa Marekani walikuwa bado Ulaya wakingoja meli za kuwarudisha kwao. Bunge la Marekani likakitambua Septemba mwaka huohuo.

Turudi kwenye katazo. Chukua timu ya mtaani iliyojipa jina la mfadhili wake. Msimu wa kwanza kuna jezi mpya, mipira, na chai baada ya mazoezi. Msimu wa pili mfadhili anagombea udiwani, na nusu ya wachezaji ni wa chama kingine. Msimu wa tatu amekosana na katibu, anadai jina lake, na jezi zinaondoka nalo. American Legion ingeumia zaidi, kwa sababu inajitangaza kuwa haina upande katika siasa za vyama, huku wanachama wake wakigombea kila kiti kilichopo. Marehemu hagombei, hahami chama, wala hadai jezi. Hii ni tafsiri yangu ya katazo lile, si maneno ya katiba.

Mfano mzuri ni Harry Truman, aliyekuwa kapteni wa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza. Hata alipokuwa Rais, tawi lake la mjini Independence, Missouri, liliendelea kuitwa Tirey J. Ford, namba 21. Rais wa nchi, mwanachama chini ya jina la marehemu!

Jirani tu, Kansas City, kuna tawi namba 149, Wayne Miner. Miner alikuwa askari mweusi asiye na cheo, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, katika Rejimenti ya 366 ya Divisheni ya 92. Asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1918 alijitolea kupeleka risasi za bombomu kwenye kituo cha mbele, akauawa. Mkataba wa kusitisha vita ulikuwa umeshatiwa saini saa kumi na moja alfajiri, ila ulipangwa kuanza saa tano asubuhi. Inasimuliwa kwamba Miner alikufa zikiwa zimebaki kama saa tatu.

Hapa ndipo sifa huongezewa chumvi: wapo wanaomtaja kuwa Mmarekani wa mwisho kuuawa vitani. Kwa kumbukumbu rasmi, huyo ni Henry Gunther wa Baltimore, saa tano kasoro dakika moja. Miner hahitaji nyongeza hiyo. Wakati ule wanajeshi weusi walitengwa jeshini, na waliporudi wakatengwa hata katika matawi. Baadhi ya majimbo ya Kusini yalikataa kabisa kuwapa vibali. Kwa hiyo weusi wa Kansas City walipoanzisha tawi lao na kulipa jina la Miner, walikuwa pia wanasema hadharani kwamba na wao walizika wenzao. Mwenyewe hakurudishwa, kaburi lake liko Thiaucourt, Ufaransa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili matawi yakapata wafu wapya. Mengi hayakufuta jina la zamani. Yaliweka kistari na kuongeza la pili. Na wanachama walipopungua, matawi mawili yakiungana, vistari vikaongezeka. Ndiyo maana leo utakuta tawi lenye majina matatu ya ukoo kwa mfululizo, mtu akadhani ni ofisi ya mawakili.