Je, wajua kwanini wa pili analia na wa tatu anacheka?

Juzi kati tulikuwa na bonanza la watoto chini ya miaka 13 huku Igoma, Mwanza, timu nne tu, za kutoana, na wakati wa kugawa zawadi nikaona kitu ambacho nimekiona miaka yote nafundisha watoto ila sijawahi kutulia nikakifikiria. Timu iliyoshika nafasi ya tatu walipewa mpira mmoja, wakawa wanarukaruka nao uwanja mzima, yaani mpita njia angedhani ndo mabingwa. Wa pili walipewa seti nzima ya jezi na wote wamekaa chini kwenye vumbi vichwa vimeinama, dogo mmoja kajifunika uso na jezi yake ya jasho hataki hata kunyanyuka. Aliyepata kikubwa analia, aliyepata kidogo anacheka. Kwanini?

Hili swali lina majibu kabisa. Mwaka 1995 watafiti watatu wa Marekani, Medvec, Madey na Gilovich, walitoa utafiti kuhusu wanamichezo wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Walichukua mikanda ya tivii, wakawaonyesha watu sura za waliopata medali ya fedha, yaani wa pili, na waliopata ya shaba, yaani wa tatu, wakawaambia wazipe alama kuanzia 1, mtu mwenye uchungu kabisa, mpaka 10, mwenye furaha iliyopitiliza. Pale tu shindano linapoisha wa shaba walipata wastani wa 7.1, wa fedha 4.8. Hata jukwaani wakivishwa medali, wa fedha bado walikuwa chini.

Sababu waliyoieleza ni kwamba mtu hajipimi na alichopata, anajipima na kile kilichokaribia kutokea. Wa pili macho yake yako juu, kilichokaribia kutokea kwake ni ubingwa, kwahiyo kichwani anarudia "ningeipiga pembeni kidogo tu, kidogo tu". Wa tatu anaangalia chini, kwake kilichokaribia kutokea ni kurudi nyumbani mikono mitupu, sasa mpira mmoja kwanini usimfurahishe? Na kwenye mashindano ya kutoana kama letu kuna kingine, wa tatu mechi yake ya mwisho kashinda, wa pili mechi yake ya mwisho kafungwa, na anaenda kulala na hiyo ya mwisho.

Ndo maana ile kauli yetu wazazi na makocha, "si mmeshika namba mbili, mnalia nini sasa", haimuingii mtoto hata kidogo. Ni kweli lakini haijibu kinachomuuma. Anayefungwa 5-0 anaumia ila hana cha kurudia kichwani, aliyekosa kwa tuta moja anacho, na atakirudia usiku kucha.

Halafu mkumbuke tunaongelea watoto. Sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kumzuia mtu na kumpimia mambo, inaendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu, wakati sehemu za hisia zinakuwa moto mapema sana. Kwahiyo dogo wa miaka 12 anayekataa kumpa mwenzie mkono, tusikimbilie kusema hana adabu. Breki zake bado zinafungwa. Anahitaji mtu mzima amsaidie kushika breki, na hapo ndo tunapokosea wengi, maana mtu mzima mwenyewe unamkuta yuko pembeni anamfokea refa. Hili linaniuma sana. Mtoto akikusikia unasema refa kawauza, kesho akifeli hesabu atasema mwalimu anamchukia, we ndo umemfundisha.

Kitu kingine ni "mwanaume halii". Kuna utafiti wa 2007 wa Matthew Lieberman na wenzake ulionyesha kwamba mtu akiitaja hisia kwa jina, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari inapungua moto. Siku hizi dakika za kwanza baada ya kufungwa sifundishi chochote, makosa ya mechi nayaacha mpaka mazoezi yanayofuata, namuuliza mtoto tu unajisikiaje, akisema "naona aibu mwalimu" au "roho inaniuma" basi, hapo tumeanza kupona. Akilia alie, ila akishafuta machozi mkono anatoa, hiyo haina mjadala.

Na mkono huo haufundishwi siku ya fainali jamani, siku hiyo kichwa cha mtoto kimejaa. Unafundishwa kwenye mazoezi kama unavyofundisha pasi. Sisi kila mechi ya mazoezi ikiisha waliofungwa wanapanga mstari, wanatoa mkono, wanamwangalia mwenzao usoni, wanasema hongera, na walioshinda ndo wanaokota koni. Makusudi kabisa, walioshinda. Unyenyekevu wa anayefungwa ni rahisi kuupata kama juzi yake alishinda na bado akainama kuokota koni.

Sifa nazo ziangaliwe. Watafiti Mueller na Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kuwa wana akili walikata tamaa haraka wakikutana na kazi ngumu, kuliko waliosifiwa kwa bidii yao. Huo ulikuwa utafiti wa kazi za darasani ila mimi uwanjani naona hivyohivyo, ukimwambia dogo "we ni kipaji, we ni noma" kila siku, akikosa penati moja anaona kipaji kimekwisha. Mwambie "ulirudi kukaba mara zote leo". Hicho hakuna mwamba wa goli unaoweza kumnyang'anya.

Mfano wa kuwapa tunao humuhumu Tanzania. Mkimbiaji Suleiman Nyambui, mtu wa Majita, Ziwa Victoria hilihili upande wa Mara, alipata fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow 1980 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, kwa tofauti isiyofika sekunde moja. Fedha hiyo na ya Filbert Bayi mwaka huohuo ndo medali pekee za Olimpiki nchi hii imewahi kupata. Na Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni, wa tano Olimpiki ya Rio 2016, wa 17 ya Paris 2024, Septemba 2025 akawa bingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Madogo wangu wanampenda Simbu, ila mimi huwa nawaambia wamfikirie na Petros, kilomita 42 na ukakosa kwa kupepesa jicho, we ungemwambia nini? Wakishajibu hilo kwa Petros wanaweza kujiambia wenyewe.

Nirudi kwa yule dogo wa Igoma. Fainali ilikuwa 1-1, ikaenda matuta, yeye wa mwisho, akagonga mwamba. Baba yake ni mvuvi wa dagaa, yule mzee amezoea kukesha ziwani na taa akarudi asubuhi na ndoo mbili, akashusha nyavu akaanza kushona palipochanika. Alikuja akakaa chini kwenye vumbi pembeni ya mwanae, dakika kama tano hakusema neno. Halafu akamuuliza, "Ulikuwa unataka kuipiga wapi?"

"Kushoto, chini."

"Ikaenda wapi?"

"Mwamba, baba."

"Haya. Kampe mkono golikipa wao, halafu kesho ukanionyeshe hiyo kushoto."

Dogo akanyanyuka, macho mekundu, akavuka uwanja peke yake. Yule golikipa alimshika mkono akamvuta karibu akamwambia, nimesikia kwa masikio yangu, "Mi nilikuwa nisharuka kulia kwako aisee." Dogo akashika kichwa kwa mikono miwili, machozi bado yanamtoka, akaanza kucheka, wakacheka wote wawili.