Maseta watatu wa skuli zetu, kutoka juu ya kiti cha mwamuzi

Swali nimeulizwa barazani, nimeulizwa kwenye boti ya Pemba, nimeulizwa hata nikitoka msikitini siku ya Ijumaa: kati ya wavulana wa sekondari wa Unguja na Pemba wanaocheza mpira wa wavu, seta bora, yule anayewanyanyulia mpira wapigaji, ni yupi? Kila anayeuliza ana jibu lake tayari. Watu wa mjini wana kijana wao, Wete wana wao, na Kusini Unguja wapo wanaoapa kwamba wa kwao hana mfano. Wote watatu nimewachezesha, kila mmoja zaidi ya mara moja, na kabla ya kushika filimbi nami nilikuwa seta. Majina yao sitayataja, wala skuli zao. Ni watoto wa watu na bado wanasoma. Nitawaita wa Mjini, wa Wete na wa Kusini, na wanaofuatilia watawajua.

Shabiki pembeni mwa uwanja anauona mpira. Mwamuzi wa kwanza anaiona mikono. Wavu wa wanaume uko mita 2.43 kutoka chini, na mimi nikiwa juu ya kiti macho yangu yapo kama nusu mita juu ya wavu huo. Seta akisimama pale pake, kati ya nafasi namba 2 (mbele kulia) na namba 3 (mbele kati), vidole vyake viko mbele ya uso wangu. Hata sauti naisikia. Mpira ukiguswa na kiganja hulia kofi. Ukipokewa na ncha za vidole, husikii kitu.

Kijana wa Mjini husikii kitu. Mikono yake, mashaallah, sijaiona mfano wake kwa umri ule. Vidole vimefunguka mapema juu ya paji la uso, dole gumba zote mbili zinatazama macho yake, viwiko havijabana wala havijatanuka, na mpira unatua na kuondoka kama uliopita juu ya maji. Unatoka bila kuzunguka hata kidogo, maandishi yake unaweza kuyasoma ukiwa angani. Mpigaji wa pembeni, kule namba 4, mbele kushoto, anaukuta mpira palepale alipouacha mara iliyopita. Ndiyo maana mashabiki wanampenda, nami nawaelewa.

Hapa lazima niseme neno kuhusu huo mzunguko, maana ndio unaonigombanisha na majukwaa kila wiki. Mpira ukitoka mikononi mwa seta unazunguka, watu wanapiga kelele "Mbili! Mbili!" na kuninyooshea vidole viwili. Kuzunguka si kosa. Sheria inauliza jambo moja: mikono iligusa mpira kwa pamoja, au mmoja ulitangulia na mwingine ukafuata? Mzunguko ni dalili tu, na dalili inaweza kudanganya. Mguso wa kwanza wa timu, ule wa kupokea sevu (mpira wa kuanzisha) au smashi, mpira unaweza kugonga mkono kisha bega katika kitendo kimoja na mchezo ukaendelea. Mguso wa pili, ambao kwa kawaida ndio wa seta, hauna ruhusa hiyo. Kijana wa Wete mipira yake mingi huzunguka kidogo, na mara nyingi nimeacha mchezo uendelee kwa sababu mikono yake niliiona: iligusa pamoja, ila alikuwa anakimbia na mwili umegeuka. Wanaomkadiria kwa mzunguko wanamdhulumu.

Basi tuje kwa huyo wa Wete. Ni mfupi, sidhani kama amefika mita 1.70, na ukimtazama anapasha misuli hutamgeuzia shingo. Uzuri wake unaanza pale mapokezi yanapoharibika, na katika skuli zetu mapokezi huharibika sana. Tunacheza nje, juu ya udongo au saruji, mara nyingine mpira wenyewe umeshachubuka ngozi, na sevu inayoelea bila kuzunguka inakuja ikiyumba na upepo. Mpokeaji anajitahidi, lakini mpira unafia mita 4 au 5 kutoka wavuni. Seta aliyezoea kuletewa mpira mkononi hapo amekwisha.

Siku moja alasiri nilikuwa nachezesha Wete, kusi huvuma msimu ule na siku hiyo lilikuwa na nguvu. Libero wao, mchezaji wa nyuma wa kupokea na kuokoa, alipokea sevu ikamponyoka, mpira ukaenda juu kuelekea meza ya mwandishi wa pointi. Kijana alikuwa ameshaondoka. Nasema alikuwa ameshaondoka kwa sababu niliuona mguu wake wa kwanza ukitoka kabla mpira haujagusa mikono ya libero. Alisoma mabega ya mwenzake, akaona yameinama upande, akajua. Alifika chini ya mpira ameupa wavu mgongo. Wengi hapo huupiga mpira kwa nguvu nyuma ya kichwa wakiomba Mungu. Yeye alisimama, akapiga goti nusu, akaunyanyua kwenda namba 4 kwa kuurudisha nyuma, na mpira ukashuka kama mita moja kutoka wavuni.

Hiyo mita moja ndiyo nataka muishike. Seta akitoa pasi kutoka mbali, hofu yake ni kwamba haitafika, kwa hiyo huisukuma hadi juu ya wavu kabisa. Mpigaji anajikuta amebanwa: mpira uko juu ya utepe, mikono ya ukuta, yaani wazuiaji wanaoruka mbele yake, imeshavuka, hana nafasi ya kuzungusha bega. Mpira unamrudia usoni, watu wanamlaumu yeye. Pasi ikiachwa mita moja ndani, mpigaji anauona mpira na ukuta kwa pamoja, anachagua: apige kwenye vidole vya nje vya mzuiaji utoke, apitishe mstarini, au auweke taratibu nyuma yao. Siku ile mpigaji alipiga vidole vya nje. Watu wakamshangilia mpigaji. Mimi nilikuwa namwangalia mfupi, ambaye tayari alikuwa anarudi nyuma kumfunika mwenzake endapo mpira ungerudi.

Na upepo. Seta wa visiwani asiyejua kusi na kaskazi hajakamilika, hata awe na vidole vya hariri. Mpira wa wavu una gramu 260 hadi 280, ni mwepesi, na pasi ndefu ya pembeni hukaa hewani muda wa kutosha upepo kuihamisha. Baada ya kubadilishana upande siku ile, niliona kijana wa Wete anamfuata mpigaji wake wa namba 4, akainua mkono juu, kisha akaushusha hadi usawa wa utepe wa wavu. Hakusema sana. Alimwambia nini? Kwamba upande huu kusi linasukuma kuelekea nje, pasi itakuwa ya chini na ya haraka, aanze kukimbia mapema. Seti nzima hakutoa pasi moja ya juu upande ule. Seta wa upande wa pili aliendelea na pasi zake za juu nzuri, na mpigaji wake akawa anaukimbiza mpira nje ya fito za pembeni mwa wavu.

Wa Mjini nilimchezesha siku ya upepo pia, na hapo ndipo nilipoona pengo lake la kwanza, la upepo. La pili nililigundua taratibu zaidi. Kabla hajatoa pasi ya nyuma, kwenda namba 2, kiuno chake hutangulia mbele na kidevu huinuka. Ni kidogo mno, shabiki haoni. Lakini mzuiaji wa kati wa timu pinzani yuko mita moja kutoka usoni kwake, na kufikia seti ya pili kisigino cha yule mzuiaji kilikuwa kinanyanyuka kuelekea namba 2 kabla mpira haujatoka vidoleni. Wapigaji wake wanakutana na watu wawili kila mara, na yeye anashangaa, maana pasi zake ni safi. Ni safi, ila zimetangazwa. Kazi ya seta ni kumpa mpigaji wake mtu mmoja mbele, au asimpe yeyote. Siku ambazo sina filimbi huwa nakaa na daftari na kuandika jambo hilo peke yake: pasi imetoka, wazuiaji walioruka mbele ya mpigaji ni wangapi? Ukifanya hivyo mechi moja tu, orodha yako ya maseta bora itapinduka.

Wa Kusini nilimwona vizuri mara ya kwanza kwenye tamasha la elimu bila malipo, lile la kila Septemba. Ni mrefu, anatumia mkono wa kushoto, na ana moyo wa kuiba, yaani kuupeleka mpira upande wa pili badala ya kutoa pasi. Seta kwa kawaida husimama bega la kulia likiwa wavuni, anatazama namba 4. Kwa mtu wa mkono wa kulia, kuupiga mpira kwenda upande wa pili katika mguso wa pili kunataka ajikunje. Wa kushoto mkono wake uko wazi kwa mpira unaokuja, anageuka kidogo tu, na anaweza kuupiga kabisa au kuudondosha nyuma ya ukuta. Kijana huyu hufanya hivyo usoni hana dalili yoyote. Mzuiaji wa kati anaganda akimwogopa, na wakati ameganda mpira unakwenda kwa mtu wa kati wa timu yake, ambaye anapiga peke yake. Inapendeza kuiona.

Lakini tuhesabu. Timu ina mizunguko 6 ya kupokezana nafasi. Katika mitatu seta yuko mstari wa mbele, na hapo ruhusa anayo. Katika mitatu mingine yuko nyuma, na mchezaji wa nyuma akiwa ndani ya eneo la mita 3 haruhusiwi kuupeleka upande wa pili mpira ambao wote uko juu ya wavu. Kwa hiyo nusu ya mchezo silaha yake kubwa imefungiwa kabatini, na mara mbili nimempigia filimbi kwa kusahau. Halafu miguu yake ni mizito. Mapokezi yakienda mita 4, hufika amechelewa na kutoa pasi kwa mikono ya chini, inayokwenda pahala pamoja tu.

Kuhusu urefu wenyewe, watu wasitishane. Simone Giannelli wa Italia anakaribia mita 2, na ameongoza timu yake kuchukua ubingwa wa dunia mwaka 2022. Lakini Masahiro Sekita, seta wa Japani aliyecheza Olimpiki ya Paris 2024, ana mita 1.75, na Japani ile ilikuwa ikizitesa timu za warefu kwa kasi ya pasi zake. Urefu unasaidia kuzuia na kuiba. Kufika chini ya mpira ni kazi ya macho na miguu.

Hili linaniuma kwa sababu nimeshuhudia kosa likifanyika. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kusaidia siku ya kuchagua timu moja ya vijana. Maseta walipangwa mstari, mwalimu akawa anamrushia kila mmoja mpira kwa mikono miwili, polepole, naye aunyanyue pembeni. Aliyetoa pasi nzuri zaidi akachukuliwa. Hakuna aliyejaribiwa kwa mpira mbovu hata mmoja, hakuna aliyekimbia. Nilikuwepo na nikanyamaza, na mpaka leo najuta kunyamaza. Kijana mmoja, mwenye vidole vya kawaida na miguu ya swala, alikunja fulana yake akaenda kupanda gari ya shamba kurudi kwao. Timu iliposafiri, sevu za wenzetu wa Bara zilivunja mapokezi yetu, na seta tuliyemchukua akabaki amesimama pale pake anausubiri mpira ambao haukuja.

Basi jibu langu: wa Wete. Ningemwanzisha yeye mechi yoyote, na seti ya 5, ile ya pointi 15 ambayo mikono ya wapokeaji hutetemeka, nisingefikiri mara mbili.

Ila wanaouliza swali la "yupi" wanasahau kwamba timu ya pamoja inaweza kuwachukua wote. Seta akilazimika kuokoa smashi mwenyewe, mguso wa kwanza umekuwa wake, na wa pili hawezi kuugusa. Mtu mwingine lazima anyanyue, na timu zetu nyingi hapo hutoa pasi ya kubahatisha. Mweke wa Wete kuwa seta, na wa Kusini umweke mkabala naye kwenye mzunguko. Mmoja akiwa mbele, mwingine yuko nyuma. Wa Kusini akiwa namba 2, mkono wake wa kushoto uko upande unaotakiwa kwa kupiga pasi ya nyuma. Na wa Wete akijirusha chini kuokoa mpira, kuna seta wa pili uwanjani, mrefu, karibu na wavu, ambaye mzuiaji hajui kama atanyanyua au ataiba.

Wa Mjini aende safari naye, na mazoezini asimamishwe mzuiaji mbele yake kila siku, kazi ya mzuiaji huyo iwe moja tu: kutaja kwa sauti pasi inakwenda wapi kabla haijatoka. Nilimweleza hayo mwenyewe baada ya mechi, pale pembeni ya uwanja. Alinisikiliza ameshika mpira kifuani, kisha akaniuliza, "Mwalimu, ni kidevu au kiuno kinachotangulia?" Nikamwambia kiuno. Akausogelea ukuta wa darasa, akaanza.