Epidemiolojia: kwa nini augue huyu, jirani yake asiugue

Daktari wa wodini huanza na mgonjwa aliye kitandani. Mtaalamu wa epidemiolojia huanza na kijiji kizima, na nusu ya kazi yake ni kuwafuata watu wasioumwa chochote. Elimu hii huchunguza jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii: nani anaugua, wapi, lini na kwa sababu gani. Haiishii kwenye kipindupindu na milipuko mingine. Shinikizo la damu na ajali za bodaboda nazo zimo.

Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, watu walianza kufikishwa hospitalini macho yakiwa ya manjano na ini limeharibika. Kufikia Julai 20 walikuwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Mahindi ndiyo yaliyoshukiwa, lakini kila mtu kule hula mahindi, mgonjwa na mzima. Kuwahoji wagonjwa peke yao kusingefichua kitu. Wakachukuliwa wagonjwa 40 na, kutoka vijiji vyao hivyo hivyo, wazima 80. Mahindi ya majumbani yakapimwa: ya wagonjwa yalikuwa na sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu wa nafaka) wastani wa sehemu 355 hivi kwa bilioni, ya wazima 44, ilhali kikomo kilichoruhusiwa kilikuwa 20. Hata wazima walikuwa wanakula sumu! Tofauti ilikuwa katika kiasi cha sumu, na waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ndio walioumia zaidi.

Kupima gunia kuna faida nyingine: mgonjwa hukumbuka alichokula vizuri zaidi kuliko mzima, kwa sababu amekwisha kujiuliza mara mia, na majibu ya mdomo huegemea upande mmoja.

Kosa linalorudiwa mno ni kutaja wagonjwa bila kutaja wamo kati ya watu wangapi. Kata yenye wagonjwa 50 kati ya watu 50,000 ina mmoja kwa kila 1,000. Yenye 20 kati ya 4,000 ina watano. Ya pili ndiyo yenye hali mbaya.

Tena, visa vipya si sawa na jumla ya wanaoishi na ugonjwa. Dawa za kufubaza VVU zinapowafikia watu wengi, wanaoishi na virusi huongezeka kwa kuwa hawafi mapema. Anayetaka kujua kama juhudi za kuzuia ugonjwa zinafanya kazi atazame maambukizi mapya.