Tamthilia si riwaya

Nimelisikia tena wiki iliyopita, na safari hii kutoka kwa mzazi aliyekuja kwangu Kibokoni, hapa Mombasa, na mwanawe wa kidato cha tatu. "Mwalimu, nakuomba unisaidie na huyu. Wamepewa riwaya ya Shakespeare na haielewi hata kidogo." Nikakipokea kitabu. Kilikuwa Hamlet. Nikawakaribisha, tukanywa kahawa, tukapatana siku na saa. Sikumsahihisha pale pale, maana si adabu kumsahihisha mtu mbele ya mwanawe. Lakini neno lenyewe nimelisikia mno: kwa wanafunzi, kwa wauza vitabu, na kwa walimu wenzangu ambao wangepaswa kulijua. Basi leo naliandika.

Shakespeare hakuandika riwaya hata moja. Aliandika tamthilia, na aliandika mashairi.

Tamthilia ni maandishi yaliyotungwa ili watu wasimame mbele ya watu wengine wayaseme na kuyatenda. Basi. Majina ya wahusika pembeni, kugawanywa kwa matendo na maonyesho, maelekezo ya jukwaani ndani ya mabano, hayo ni mavazi yake tu, na mwanafunzi atayazoea kwa siku moja. Wanaoliita tamthilia lile igizo la mfululizo la jioni kwenye runinga siwalaumu, kwa sababu pale watu wanaigiza kweli. Ninaogombana nao ni wa riwaya, kwa sababu kosa lao haliishii kwenye jina. Linamfikia mtoto akiwa amekaa na kitabu.

Tuanze na riwaya yenyewe. Aliyesoma madrasa ya hapa mjini analijua neno hili kabla hajafika darasa la fasihi. Msahafu tunaousoma tunausoma kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim. Hadithi ya Mtume nayo huja kwa riwaya ya fulani, kutoka kwa fulani. Maana yake ni kwamba kuna mtu aliyesikia, akahifadhi, akamfikishia mwingine. Waarabu wa zamani walimwita rawi yule aliyehifadhi mashairi ya mshairi na kuyapeleka kwa watu. Na ukilichimba neno mpaka chini, unakuta maji. Shina lake ni lile lile la kuteka maji na kukata kiu, na ngamia aliyebebeshwa maji aliitwa rawiya. Mimi jambo hili lilinikaa tangu siku nilipolisoma. Msimulizi ni mbeba maji! Ni yule wa mkokoteni anayepita vichochoro vya Mji wa Kale na madumu yake. Wewe umekaa kwako, na maji yanakukuta mlangoni. Riwaya ina raha hiyo, na ni raha ya haki. Kuna sauti inayokuambia usiku ulikuwa wa giza, mtu fulani aliogopa, na aliogopa kwa sababu hii na hii.

Tamthilia imetoka ukoo mwingine. Shina lake ndilo lililotupa mithili, methali, mathalani, tamathali za usemi na kitenzi kumithilisha. Yasome yote kwa pamoja utaona yanafanya kazi moja, nayo ni kusimamisha kitu mahali pa kitu kingine. Tukisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, hakuna anayewazia mtoni. Kenge amesimama mahali pa mtu tunayemjua sote. Hata sanamu, kwa Kiarabu, jina lake timthali limetoka hapo hapo. Kwa hiyo katika tamthilia hakuna anayepokea na kufikisha. Kuna anayesimama mahali pa mwingine: kijana wa Kibokoni, kwa miguu yake na koo lake, anasimama mahali pa askari wa Denmark, nchi ya kisa cha Hamlet. Mbeba maji hayupo. Kisima kipo, na kamba unayo wewe.

Mtoto aliyeambiwa kwamba ameshika riwaya atamtafuta mbeba maji kila ukurasa. Siku ya kwanza kijana wangu aliponiketia barazani alifungua kitabu akaniambia, "Ami, hichi kitabu hakina mtu wa kunieleza. Wote wasema tu!" Alikuwa amesema kweli tupu. Tatizo ni kwamba alidhani ni upungufu wa kitabu, au wa akili yake. Akiachwa hapo, atakwenda kununua mwongozo. Na mwongozo ni nini? Ni mtu mwingine amechukua tamthilia akaigeuza riwaya, ameajiri mbeba maji. Mtoto atajua nani alimuua nani, atajibu maswali mawili matatu ya mtihani, na hatakuwa ameisoma tamthilia.

Kiingereza cha zamani kinatisha, nakubali, lakini si kwa kiasi kinachodaiwa. Watoto hawa hawa husoma tenzi wakakutana na mato badala ya macho na nti badala ya nchi, na wanaendelea, kwa kuwa tangu wadogo wamezisikia zikiimbwa. Sikio linatangulia, jicho linafuata. Wala Shakespeare si mtu wa enzi za mbali kiasi hicho. Kuta za Ngomeni, yaani Fort Jesus, pale wanapopita kila siku, zilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, na wakati Wareno wanapanga mawe yale Shakespeare alikuwa London akiandika.

Sasa nieleze tulivyoanza, maana hapa ndipo penye kazi. Ilikuwa baada ya alasiri, joto la kaskazi limetuama, na kijana amekuja na binamu yake wa kike anayesoma kitabu hicho hicho. Sikuwapa historia ya mwandishi. Sikuwapa muhtasari. Niliwapa mistari mitano ya mwanzo tu. Ni usiku, mlinzi mmoja yuko lindoni, jina lake Francisco. Mwenzake, Barnardo, anakuja kumpokea zamu. Maneno ya kwanza ya tamthilia nzima ni mawili: "Nani hapo?"

Nikauliza ni nani aliyeyasema. Kijana akatazama pembeni mwa ukurasa. "Barnardo." Barnardo ndiye aliyepo au ndiye anayekuja? "Anayekuja." Nikanyamaza. Tukakaa hivyo kidogo, mpaka yule msichana akainua kichwa. "Ami, mbona huyu ndiye ajaye, na ndiye aulizaye?"

Ndilo swali lenyewe. Mtoto wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu amelelewa nalo. Anayekuja hupiga hodi. Aliye ndani ndiye mwenye haki ya kuuliza nani. Hapa mpango umepinduka. Anayefika ndiye anayeuliza, na mwenye lindo inambidi amrudishe kwenye adabu: "La, nijibu wewe. Simama, ujitambulishe." Kwa nini Barnardo amesahau utaratibu wa kazi yake? Kwa sababu usiku mbili zilizopita, yeye na mwenzake Marcellus wamekiona kivuli cha mfalme aliyekufa kikitembea pale pale. Francisco hajui. Barnardo anajua, na amekuja gizani akiwa na hofu kooni. Hakuna mstari hata mmoja pale unaosema kwamba Barnardo aliogopa. Riwaya ingekuambia. Tamthilia inakuachia swali lililotoka kinywani mwa mtu asiyestahili kuliuliza, na ukilisoma kimya kitandani litakupita.

Basi nikawasimamisha. Msichana akakaa lindoni kwenye ngazi ya baraza, kijana akaenda mpaka kona ya kichochoro arudi. Mara ya kwanza alisoma kama anayesoma tangazo. Mara ya pili alicheka. Mara ya tatu alikuja polepole, mkono mmoja ukutani, na ile "nani hapo" ikamtoka chini, karibu haisikiki, na binamu yake akaruka kweli kwenye ngazi. Jirani akafungua dirisha kutazama kuna nini.

Mbele kidogo Francisco anashukuru kupokewa, anasema baridi ni kali na moyo wake unamuuma. Msichana akasita hapo. Jasho linamtiririka kwenye buibui, na anatakiwa aseme baridi kali. Akaniuliza nani atakayemwamini. Nikamwambia hao waigizaji wa London walikuwa na shida hiyo hiyo. Jumba lao, Globe, lilijengwa mwaka 1599, na katikati halikuwa na paa. Walicheza mchana, kama saa nane hivi, jua likiwaka. Waliolipa peni moja walisimama chini, wanawaona waigizaji wazi kabisa kama tunavyoonana hapa. Hapakuwa na taa ya kuzima. Usiku ulipaswa kutoka mdomoni. Ndiyo maana Barnardo anasema saa sita imeshagonga, nenda ukalale, na Francisco anasema hata panya hajatikisika. Ukiyachukua kama riwaya utasema ni maelezo ya mandhari, tena machache. Kumbe ni kazi: mtu amesimama juani na anawageuzia mamia ya watu mchana kuwa usiku. Msichana akarudi kwenye ngazi, akajikunyata, akasema baridi yake. Nikaiamini.

Hata namna waigizaji walivyopewa maneno inaonyesha kwamba hakikuwa kitabu cha kusomwa mtu peke yake. Mwigizaji hakupewa tamthilia nzima. Alipewa karatasi iliyoviringishwa yenye maneno yake tu, na kabla ya kila zamu yake maneno machache ya mwisho ya yule anayemtangulia, ili ajue aingie wapi. Ilimbidi asikilize. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na kitabu kikubwa kilichokusanya tamthilia zake 36 kilitoka mwaka 1623, kikishughulikiwa na waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell. Karibu nusu ya tamthilia hizo zilikuwa hazijawahi kuchapishwa. Miaka yote hiyo zilikuwa zinaishi vinywani.

Nina mfano mwingine ninaoupenda kuliko wote, wa Macbeth. Mume ametoka kumuua mfalme usingizini, anashuka ngazi, mkewe anamngoja. Mke anauliza: hukusema kitu? Mume: lini? Mke: sasa hivi. Mume: nilipokuwa nashuka? Kwenye ukurasa ni vipande vinne vya maneno, na msomaji wa riwaya anavivuka kwa sekunde mbili akitafuta damu iko wapi. Lakini Shakespeare aliandika sehemu kubwa ya tamthilia zake kwa mishororo ya silabi kumi, bila vina, na sisi watu wa mizani tuna sikio la jambo hili. Vihesabu vipande vile kwa Kiingereza chake: nne, moja, moja, tano. Ni mshororo mmoja, umezidi silabi moja tu, umepasuliwa kati ya watu wawili. Hakuna nafasi ya kuvuta pumzi katikati. Wanadakana maneno gizani, na kila mmoja ameshtushwa na sauti ya mwenzake. Wape wanafunzi wawili wausome upesi, bila kupumzika, halafu waulize walijisikiaje. Hawatakuuliza tena maana ya neno.

Anayeona Kiingereza kimemshinda aanze na Kiswahili, si dhambi. Mwalimu Nyerere alitutafsiria Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963, akairekebisha ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Alikuwa na uwezo wa kutusimulia kisa cha Kaizari kwa maneno yake, na kingekuwa rahisi zaidi. Hakufanya hivyo. Aliyaacha majina pembeni na watu wakisema wenyewe kwa wenyewe. Inaniuma nikisikia vitabu hivyo vikiitwa riwaya za Nyerere, kwa sababu juhudi yake yote ilikuwa visiwe riwaya.

Kwa hiyo, mzee mwenzangu, utakapokuja Alhamisi kumchukua mwanao ukaniuliza riwaya imefika wapi, nitakujibu kwamba tamthilia imefika pale wanapoingia Horatio, rafiki yake Hamlet, na Marcellus. Mwanao ni Barnardo, binamu yake ni Francisco, na Horatio nitamsoma mimi. Marcellus bado hana mtu. Karatasi yake nimeshaiandika, ina mistari michache tu, na kahawa itakuwepo.